Kuziba Tundu Katika Mashua ya Faiba

Mashua ya faiba huundwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa rezini. Rezini ikishakuwa ngumu haiyeyuki tena, wala haiungani na rezini mbichi kama vyuma viunganavyo vinapochomelewa. Kiraka hushika kwa kunata tu. Ndiyo maana tundu lililojazwa rezini tupu, ingawa huonekana zuri pwani, laweza kufumuka mashua ikipigwa na mawimbi: kizibo kimeshikwa na ukingo mwembamba, tena hakina nyuzi za kukihimili.

Fundi hana budi kupanua mahali pa kunatia. Baada ya kuosha chumvi na kuacha pakauke kabisa, husugua ukingo kwa msasa hadi uwe mteremko wenye upana mara 12 ya unene wa faiba. Ikiwa unene ni milimita 5, mteremko utakuwa milimita 60 kila upande. Wengi huona kwamba huko ni kuharibu mashua kwa ajili ya tundu la kidole. Sivyo, eneo hilo ndilo litakalobeba kiraka.

Kisha tabaka za nyuzi zilizolowa rezini hupangwa juu ya mteremko, na viputo vya hewa hukandamizwa vitoke. Kigumishi huwa sehemu 1 hadi 2 katika 100 za uzito wa rezini ya poliesta. Kikizidi, mchanganyiko hupata joto kali na kupasuka. Miwani ya kinga ivaliwe, kwani tone la kigumishi laweza kupofusha jicho.