Mayai ya Reptilia Wafugwao: Mchanga wa Ziwani Pekee Hautoshi

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, yai la mnyamapori huhesabiwa kuwa nyara, kama ilivyo kwa pembe au ngozi. Hivyo, mkazi wa Ujiji, Kibirizi au kijiji chochote cha mwambao wa Ziwa Tanganyika ambaye jembe lake limefukua mayai ya kenge au kobe haruhusiwi kuyachukua na kuyatotolesha nyumbani, hata kama nia yake ni kufuga tu. Anapaswa kuyafukia yalivyokuwa na kutoa taarifa kwa Afisa Wanyamapori wa Halmashauri au kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Maelezo yanayofuata yanamhusu mwenye kibali cha kufuga, ambaye jike lake limetaga ndani ya uzio.

Mfugaji wa namna hiyo mara nyingi huanza na mazoea ya kuku, na hapo ndipo mayai huharibika. Yai la kuku hubeba maji yote linayohitaji, na kuku huligeuza kila siku. Reptilia wengi hutaga ardhini na kuondoka. Chatu, anayejiviringisha juu ya mayai yake, ni miongoni mwa wachache wanaobaki. Kwa hiyo tandiko ndilo linaloshika nafasi ya mama. Halimlishi kiumbe aliyemo ndani ya yai. Kazi yake ni kutunza unyevu bila kuzuia hewa.

Kiasi cha unyevu hutegemea ganda. Mayai ya nyoka, kenge na vinyonga yana ganda laini mfano wa ngozi, nayo hufyonza maji kutoka kwenye tandiko na kuongezeka uzito. Kenge huchimba kichuguu na kutaga humo, mahali ambapo unyevu na joto havibadilikibadiliki. Mayai ya kobe yana ganda gumu na hayahitaji maji mengi kiasi hicho; tandiko likilowa sana, ganda laweza kupasuka. Mjusi kafiri ni wa aina yake: mayai yake madogo meupe, ambayo wengi wameyaona nyuma ya fremu ya mlango, hayahitaji tandiko lolote.

Mchanga wa ziwani hupatikana bure, lakini hukauka upesi juu na kushikamana chini unapoloweshwa. Unawafaa kobe, mradi uchekechwe, uoshwe na ukaushwe. Mchanga wa mahali panapoanikwa dagaa uachwe kabisa, kwa sababu mabaki ya samaki huvuta sisimizi. Udongo wa mfinyanzi huziba hewa. Makapi ya chikichi, yaliyojaa tele mkoani Kigoma, yanaonekana kufaa kwa kuwa ni laini na hushika maji, lakini mafuta yaliyobaki ndani yake huchacha na kuota ukungu. Maranda nayo huoza. Nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa vizuri ni afadhali, ingawa nazo zahitaji kukaguliwa mara kwa mara.

Wafugaji wengi duniani hutumia vemikulaiti, madini mepesi yanayofanana na ulanga, ambayo hupashwa moto mpaka yakavimba. Huchimbwa pia Namekara, mashariki mwa Uganda. Hayaozi, na hushika maji huku yakiacha nafasi ya hewa. Kwa mayai ya ganda laini, kipimo kilichozoeleka ni uzito sawa: gramu 500 za vemikulaiti kavu kwa gramu 500 za maji. Kosa la kawaida ni kupima kwa kikombe. Kwa kuwa madini hayo ni mepesi mno, kikombe cha maji kwa kikombe cha vemikulaiti hutoa uji, na mayai huzama na kukosa hewa. Asiye na mizani aminye konzi moja ya tandiko: lishikane mkononi, lakini lisidondoshe hata tone.

Mayai hufukiwa nusu, yakitazama upande uleule yalikokutwa. Alama ya penseli juu ya kila yai husaidia, kwa kuwa siku ya kwanza ikishapita kiinitete hujishikiza ndani ya ganda, na kugeuza yai kwaweza kukiua. Kisha boksi zima lipimwe na uzito uandikwe. Linapopungua, maji ya kiasi kilichopotea hurudishwa pembeni, si juu ya mayai. Joto la nyuzi 28 hadi 31 huwafaa wengi, isipokuwa vinyonga wa milimani wanaotaka ubaridi. Kwa mamba na kobe wengi, joto hilo ndilo linaloamua kama atatoka dume au jike.

Yai la ganda laini likibonyea mapema, tandiko limekauka. Likibonyea siku za mwisho, mtoto anakaribia kutoka, na maji yasiongezwe.