Je, Wajua? Ukingo wa Kazinga

Je, wajua Kasese, Uganda, ina njia ya maji ambayo hakuna binadamu aliyeichimba? Ni Mkondo wa Kazinga, kilomita 32 hivi, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Simama darajani Katunguru asubuhi: juu lori linanguruma, chini kiboko kazama hadi masikio, na mvuvi anauzungusha mtumbwi wake mbali naye, polepole, kwa adabu zote.

Je, wajua ukingo huo umepona kwa sababu ya wanyama? Eneo lilifanywa hifadhi mwaka 1952, kwa jina la Kazinga lenyewe. Mwaka 1954 likapewa la Malkia Elizabeth. Walioianzisha hifadhi waliwawekea tembo na viboko pa kunywea maji, na nafasi ya gati za boti za kesho ikabaki humo humo.

Je, wajua kwa maji unaweza kutoka Katunguru hadi Vitshumbi, Kongo, bila kuiona foleni ya malori ya Mpondwe, pale Bwera? (Forodha ni habari nyingine. Mpaka unapita ziwani pia.)

Je, wajua Ziwa George lina kina cha wastani cha mita 2.4 tu, wakati Edward, penye kina kirefu zaidi, linazidi mita 100? Meli kubwa tusiiote. Boti bapa, ndiyo.

Je, wajua reli iliyofika Kasese mwaka 1956 kubeba shaba ya Kilembe imenyamaza miaka mingi, na majani yameimeza? Waingereza nao waliiacha njia yao: waliufunga mfereji wa boti wa Stroudwater mwaka 1954, kisha barabara kuu ya M5 ikajengwa juu ya kipande chake. Leo wanauchimba upya, kwa gharama ambayo kipande cha ardhi kilichoachwa wazi kingewaokolea.

Je, wajua, hata nje ya hifadhi, kanuni za Uganda za mwaka 2000 zinakataza kulima na kujenga bila kibali ndani ya mita 100 za mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 30 za mingineyo? Mto Nyamwamba wa Kasese haukungoja kanuni: Mei 2013, na tena Mei 2020, ulivunja kingo, ukasomba nyumba na kuivamia hospitali ya Kilembe.

Basi ukionyeshwa kiwanja karibu na maji, Kasese au Bwera, njoo na futikamba yako mwenyewe. Anza kupima pale maji yanapofika wakati wa mafuriko, si pale yalipo kiangazi.