Kamera Ipewe Wifi Yake

Shaba na kobalti ya Kolwezi huondoka kwa malori kuelekea mpaka wa Kasumbalesa. Kwa mpaka huo huo huingia bidhaa za madukani: simu, paneli za sola, dekoda za Android, na kamera ndogo za ulinzi zinazogeuza shingo na kutuma picha kwenye simu ya mwenye nyumba. Musonoi, mtaa wa Kolwezi wa wafanyakazi wa mgodi tangu enzi za kampuni ya Union Minière na baadaye Gécamines, hauko mbali na biashara hiyo. Mwenye duka la vipuri, au mwenye lupangu anayeogopea pampu yake ya maji, hahitaji kuelezwa faida ya kamera. Asichoambiwa na muuzaji ni kwamba kamera hiyo ni kompyuta, na kwamba itakaa kwenye wifi moja na mahesabu ya duka, simu za watoto na picha za familia.

Kompyuta hizo ndogo zina historia mbaya. Mwaka 2016 vijana wa Marekani waliandika programu iliyoitwa Mirai. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilizunguka kwenye intaneti ikigonga kamera, mashine za kurekodia na ruta, na kwa kila kimoja ikajaribu orodha ya majina na maneno ya siri kama sitini hivi yanayowekwa kiwandani, ya aina ya "admin" na "12345". Kifaa kilichofunguka kiliandikishwa jeshini bila mwenyewe kujua. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa vya namna hiyo liliishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikielekeza watumiaji kwenye tovuti kubwa, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix.

Afrika nayo haikusalimika. Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, ilishambuliwa mwaka huo huo kwa nguvu ya kamera zilizotekwa. Aliyeendesha shambulio alikuwa Mwingereza Daniel Kaye, akilipwa na kigogo wa kampuni shindani. Januari 2019 mahakama moja ya London ilimhukumu kifungo cha miezi 32. Wateja wa Liberia walikatiwa intaneti na kamera za watu wasiowajua, watu ambao yamkini walizifunga kwa kuogopa wezi.

Dekoda zina kisa chao. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0, uliokuwa umeingia kwenye mamilioni ya vifaa: dekoda za bei nafuu, projekta, fremu za picha. Vingi vilitengenezwa China, na baadhi vilibeba programu chafu tangu kabla mnunuzi hajafungua boksi. Kwa kifaa cha namna hiyo, kubadilisha neno la siri ni kufunga mlango mwizi akiwa sebuleni.

Basi kifaa kisichoaminika kifanyweje, na pesa zimeshatoka? Kitengwe. Desemba 2019 ofisi ya FBI ya Portland, Oregon, iliwashauri wananchi kwamba friji na kompyuta zisikae kwenye mtandao mmoja. Njia rahisi imo ndani ya ruta nyingi zinazouzwa leo, hata zile ndogo za 4G zinazotumia laini ya simu: mtandao wa wageni. Ni wifi ya pili, yenye jina lake na neno lake la siri, inayotoka kwenye ruta ile ile. Kinachounganishwa humo kinapata intaneti, lakini hakioni kompyuta wala simu zilizo kwenye wifi ya kwanza. Hata kamera ikitekwa, aliyeiteka anaishia upande huo.

Kuuweka si kazi ya fundi. Chini ya ruta kuna kibandiko chenye anwani, mara nyingi 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.8.1, pamoja na neno la siri la kuingilia. Anwani huandikwa kwenye kivinjari cha simu iliyounganishwa na ruta hiyo. Jambo la kwanza humo ndani ni kubadilisha neno la siri la ruta yenyewe, kwa maana lile la kibandiko amelisoma kila aliyewahi kuigeuza. Kisha itafutwe sehemu iliyoandikwa "Réseau invité" au "Wi-Fi invité", iwashwe, ipewe jina lisilotaja duka wala familia, ulinzi wa WPA2 au WPA3, na neno la siri refu. Kama kuna swali la kuruhusu wageni kufikia mtandao wa ndani, jibu ni hapana.

Kuna vikwazo ambavyo huwafanya watu wakate tamaa mapema. Kamera na balbu nyingi zinajua masafa ya gigahezi 2.4 tu; mtandao wa wageni ukiwa wa gigahezi 5, kamera haitauona kamwe hata fundi apige kelele. Wakati wa kuiunganisha, simu nayo ihamie kwa muda kwenye wifi ya wageni, kisha irudi kwake. Baada ya hapo kamera nyingi hutazamwa kupitia intaneti, kwa hiyo mwenyewe ataiona akiwa Musonoi au Lubumbashi. Televisheni ni tatizo zaidi: anayependa kurusha video kutoka kwenye simu hadi kwenye kioo atakuta haiwezekani vikiwa pande mbili. Hapo achague, na kama ni dekoda isiyo na jina la maana, hasara ya kutorusha video ni ndogo kuliko hasara nyingine.

Wageni wa kweli je, wale wenye miguu? Shemeji anayekuja Jumapili na kuomba wifi asiwekwe pamoja na kamera, ila kama ruta ina kipengele cha kuvitenganisha vifaa vya wageni na kimewashwa. Baadhi ya ruta zinaruhusu mitandao ya wageni zaidi ya mmoja. Hilo ndilo bora.

Mtego mkubwa ni waya. Maduka mengi hayana kamera za wifi bali mashine ya kurekodia iliyochomekwa kwenye ruta kwa kebo. Kwenye ruta za kawaida, kinachoingia kwa kebo kiko kwenye mtandao mkuu, na wifi ya wageni haikigusi. Dawa ni ruta ya pili ya bei ndogo, na mpangilio wake ni kinyume cha wengi wanavyodhani: mashine ya kamera ibaki kwenye ruta ya kwanza, ile inayoleta intaneti, na kompyuta na simu zihamie kwenye ruta ya pili iliyochomekwa nyuma yake, kwenye tundu lake la intaneti. Aliye ndani anaweza kufika nje. Aliye nje hawezi kuingia ndani.

Hofu moja iondolewe: M-Pesa au Airtel Money inayotumwa kwa kubonyeza nyota na namba haipiti kwenye wifi hata kidogo. Kilicho hatarini ni faili, picha, na akaunti zilizofunguliwa kwenye kompyuta.

Gharama ya mega pia iangaliwe. Kamera inayotuma video mfululizo kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa, karibu gigabaiti 11 kwa siku. Tangu Mei 2025, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, ARPTC, ilipoipa leseni Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, wenye uwezo wana njia nyingine. Kwa anayenunua forfait ya simu, kamera irekodi kwenye kadi yake ya kumbukumbu na itume picha pale tu kitu kinapotikisika. Ruta nyingine huruhusu kuiwekea wifi ya wageni kikomo cha kasi.

Na umeme? Laini kubwa ya umeme kutoka bwawa la Inga, ya kilomita kama 1,700, imefikia Kolwezi tangu 1982, lakini nyumba za mitaani bado zinajua délestage. Ruta na kamera vipewe betri moja, maana kamera hai mbele ya ruta iliyozima haitumi picha popote.

Anayetumia simu yake kama ruta ajue kwamba akitoka nyumbani, kamera inabaki bila intaneti, na simu nyingi hazina wifi ya pili ya kutengea vifaa. Huyo, kabla ya kununua kamera ya pili, anunue ruta ndogo ya 4G, na dukani aulize kwanza kama ina "Réseau invité".