Mugonjwa wa Huzuni Anataka Nini?

Siku moja mama mumoja alirudi kliniki kisha wiki tatu. Mara ya kwanza alikuja juu ya maumivu ya kichwa. Usingizi ulipotea, shamba lilimushinda, alilia bila kujua sababu. Tulimupima malaria, haikuonekana. Muuguzi kijana alimuuliza maswali, akatambua vizuri: ni ugonjwa wa huzuni, ule ambao katika masomo tunauita depresio. Akamupa amitriptilini, kidonge kimoja kila usiku. Kwa kitabu, alifanya kazi nzuri. Lakini sasa mama alifungua kitambaa chake, na vidonge vilikuwa ndani karibu vyote. Vinne tu vilipungua.

Nikamuuliza: "Mama, juu ya nini uliacha dawa?"

Akajibu: "Munganga, kinywa kilikauka kama majivu. Nikasema, hii kinini itaniua. Tena shemeji yangu aliiona, akasema ni dawa ya wazimu. Mimi siko na wazimu. Mimi nilitaka mutu anisikilize, na nipate usingizi kusudi nilime mbele ya mvua kuisha."

Nilipata haya, kwa maana yule muuguzi kijana alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimufundisha kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Sikumufundisha kumuuliza mugonjwa: Wewe mwenyewe unataka nini? Kwa hiyo ninaandika mafundisho haya, kwa wauguzi na kwa jamaa zenye mugonjwa nyumbani.

UGONJWA HUU NI NINI?

Kila mutu anapata huzuni: kufiwa, kukimbia vita, kukosa chakula. Lakini ikiwa huzuni inakaa karibu kila siku kwa wiki mbili ao zaidi, na mutu hapati tena furaha kwa mambo aliyoyapenda, na kazi inamushinda, ni ugonjwa. Usingizi unapotea ao unazidi. Chakula hakina ladha. Nguvu zinakwisha. Mutu anajilaumu, tena pengine anafikiri heri kufa. Wengi hawasemi "niko na huzuni". Wanasema kichwa, mugongo, moyo kupiga mbio, mawazo mengi.

Si uvivu. Si alama ya kukosa imani. Tena ni ugonjwa unaoweza kupona.

NJIA ZA KUTIBU

Ziko njia mbili kubwa. Ya kwanza ni mazungumzo yenye mupango, pamoja na mutu aliyefundishwa, mugonjwa peke yake ao katika kikundi. Ya pili ni dawa, kama amitriptilini na fluoksetini. Kwa ugonjwa mwepesi, tusikimbilie dawa. Mazungumzo, matembezi na kurudia kazi kidogo kidogo ndiyo ya kwanza. Kwa ugonjwa mukali, mara nyingi njia zote mbili zinasaidiana.

Watu wengine wanafikiri mazungumzo ni maneno tu, haiwezi kuponya. Sivyo. Katika Uganda, upande wa Masaka na Rakai, wanganga walijaribu kazi hii katika vijiji 30, na habari zake zilitangazwa mwaka 2003. Katika nusu ya vijiji, wagonjwa walikutana katika vikundi mara moja kwa wiki, wiki 16, wanawake kwao na wanaume kwao. Aliyewaongoza alikuwa mutu wa kwao aliyefundishwa, si munganga. Mwanzoni, kwa wagonjwa 100 wa vikundi, karibu 86 walikuwa na alama zote za ugonjwa. Mwishoni walibaki 6 ao 7. Katika vijiji visivyo na vikundi, walibaki karibu 55.

Hata kwetu Kivu, habari zilizotangazwa mwaka 2013 zilionyesha hivi juu ya wanawake waliotendewa jeuri ya kingono. Wale waliofundishwa katika vikundi na wasaidizi Wakongomani, miezi sita kisha mafundisho, 9 tu kwa 100 walikuwa bado na alama za huzuni ao hofu. Wale waliopata musaada wa mutu mumoja mumoja bila mafundisho hayo walikuwa 42. Mafundisho yaligeuzwa kusudi hata asiyejua kusoma aweze kuyashika.

WAGONJWA WANATAFUTA NINI KWANZA?

Mwaka 2013 vilevile, watafiti katika Marekani walikusanya masomo 34 juu ya wagonjwa wa huzuni na wa hofu. Waliona kwamba, kwa watu wane, watatu walichagua mazungumzo kuliko dawa. Lakini angalia yule wa nne pia: yeye alitaka dawa. Usimupe kila mutu jibu la watu wengi. Katika kazi yetu, haya ndiyo ninayosikia:

1. Kusikilizwa. Mugonjwa anataka kwanza mutu aamini kwamba ni mugonjwa kweli. Ukiandika dawa kabla hajamaliza kusema, anaona umemufukuza.

2. Kurudia kazi yake. Muuguzi anahesabu alama za ugonjwa. Mugonjwa anahesabu mambo mengine: kulima, kuuza sokoni, kupika, kucheka na watoto, kukaa pamoja na wengine kanisani. Kwake yeye, hiyo ndiyo kupona.

3. Kujua dawa itamufanyia nini. Amitriptilini inakausha kinywa, inaleta usingizi, inafunga choo, na mutu akisimama kwa haraka anaweza kusikia kizunguzungu. Haifai kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Fluoksetini inaweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi, tena kupunguza hamu ya ndoa. Taabu nyingi za mwanzo zinapungua kwa wiki za kwanza. Lakini nguvu ya dawa yenyewe inachelewa: wiki mbili mpaka nne mbele ya kusikia nafuu. Asiyeambiwa hivi anaonja mabaya kwanza, anaacha kabla ya mema kufika.

4. Kutokuwa mutumwa wa dawa. Wengi wanaogopa hiyo. Diazepamu kweli inaweza kufunga mutu, tena haiponyi ugonjwa wa huzuni. Dawa za huzuni hazifungi mutu vile. Lakini sharti zifuatwe miezi 9 mpaka 12 kisha kupona, na kuziacha polepole pamoja na munganga, si kwa siku moja.

5. Heshima na siri. Hataki kuitwa mwenye wazimu. Hataki jirani asikie maneno yake kwenye mulango.

6. Franga na njia. Dawa nzuri iliyo mbali kwa mwendo wa saa sita si nzuri kwa mama mwenye mutoto mgongoni. Uliza siku ya soko, umupange siku hiyo.

7. Imani yake. Wengi wanapenda kuomba pamoja na muchungaji, na ni vizuri. Lakini tusiwaambie wachague kati ya maombi na dawa. Kumbuka Eliya chini ya muti, alipotaka kufa. Malaika hakumukaripia. Alimupa mukate na maji, akamuacha alale, akamupa tena. Kisha, kule mulimani, Mungu alimuuliza swali, akangoja jibu lake.

MASWALI MATANO MBELE YA KUANDIKA DAWA

Mwanafunzi wangu, uyashike haya. Hayahitaji mashini wala franga:

1. Unafikiri nini imeleta ugonjwa huu?
2. Ukipona, ni kazi gani unataka kurudia ya kwanza?
3. Umekwisha kujaribu nini? Kilisaidia? Kilikuumiza?
4. Unaogopa nini juu ya dawa, ao juu ya mazungumzo?
5. Nyumbani, nani atakusaidia, na nani hupendi ajue?

Kisha kumusikiliza, umueleze njia zilizopo kweli katika kituo chako, mema yake na mabaya yake. Useme vilevile unavyofikiri wewe, kwa maana umejifunza. Halafu muchague pamoja. Mugonjwa aliyechagua anarudi. Yule aliyelazimishwa anaficha vidonge katika kitambaa.

JAMBO LA HARAKA

Uliza wazi: "Je, unafikiri kujiua?" Swali hili halimutii mutu wazo hilo, linamufungulia mulango. Akijibu ndiyo, usimuache peke yake hata kidogo. Ondoa dawa ya panya, dawa za shamba, kamba na visu. Umulete hospitali siku ile ile. Hapo tusingoje kuchagua njia. Amitriptilini nyingi kwa mara moja inaua moyo. Kwa hiyo usimupe mugonjwa kama huyu vidonge vingi. Mutu wa jamaa ayachunge, ampe cha siku. Tena uyaweke mbali na watoto.

Yule mama, je? Siku ile tuliketi chini ya muti nyuma ya kliniki, mbali na wengine. Alisema muda mrefu juu ya mutoto wake aliyekufa, jambo ambalo hapana mutu alikuwa amemuuliza. Nilimueleza juu ya kinywa kukauka, na maji ya kunywa kidogo kidogo. Alichagua kuanza tena dawa kwa ajili ya usingizi, na kuja kila siku ya soko kuzungumza na muuguzi mwanamuke wa umri wake. Shemeji tulimuita, kwa ruhusa yake, tukamufundisha.

Kisha wiki sita alikuwa hajapona kabisa. Siku kadhaa alilia bado. Lakini alituambia bila kuulizwa: amepanda mistari minane ya maharagi. Nikamuita yule muuguzi kijana aandike jambo hilo katika fishi ya mugonjwa, pamoja na dawa.