Watoto wenye usonji: wako wangapi?



Hapa Kampemba, kuanzia Bel-Air mpaka Bongonga, tunawajua. Mtoto anaitwa jina lake, hageuki. Haangalii mtu machoni. Anapanga vifuniko vya chupa mstari mmoja siku nzima, na ukivigusa analia sana. Majirani wanaanza kunong'ona: "Huyu ana ulozi."

Hapana. Wanganga wanaita hali hiyo otisime, kwa Kiswahili usonji. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo. Mama hakukosa kitu.

Je, watoto hao ni wengi? Marekani wanahesabu watoto wa miaka 8. Mwaka 2000 walikuta 1 kati ya 150. Mwaka 2022 wakakuta 1 kati ya 31. Sababu kubwa ni kwamba wanganga wamejifunza kuwatambua vizuri zaidi. Korea Kusini, uchunguzi wa 2011 ulikuta 1 kati ya 38, na wengi wao walikuwa wanaenda masomo ya kawaida bila mtu kujua. Kwa jirani zetu wa Uganda, uchunguzi wa 2014 ulitoa karibu 7 kwa 1000.

Na kwetu Kongo? Kinshasa, uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 uliangalia watoto waliopelekwa kwa munganga kwa shida za ukuaji: karibu 3 kwa 10 walikuwa na usonji. Hao ni wale waliofikishwa. Waliofungiwa nyumbani hawakuhesabiwa. Kwa hiyo hesabu ndogo haina maana kwamba watoto ni wachache. Pengine wamefichwa tu.

Tukumbuke pia sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto: anayemshitaki mtoto kwa ulozi anaweza kufungwa mwaka 1 mpaka 3.

Tufanye nini? Mtoto wa mwaka 1 asiyegeuka akiitwa, au anayepoteza maneno aliyokuwa nayo, tumpeleke kituo cha afya. Tuombe apimwe masikio kwanza, maana kiziwi naye hageuki. Dawa ya kuondoa usonji haiko, na anayekuuzia anakudanganya. Lakini mtoto anayefundishwa mapema, polepole, kwa picha na kwa michezo, anaendelea.

Na katika kikundi, mama mwenye mtoto kama huyo asikae peke yake. Tumwambie aje naye. Nafasi ya kwanza ya kuhesabiwa ni kati yetu.