Pampu Ikinyamaza, Washa

Ti-ti-ti-ti-ti. Ti, ti. Ti.

Kimya.

Hiyo si saa, wala si panya darini. Ni pampu ya petroli, imefungwa nyuma ya gari karibu na gurudumu, ndani ya gereji yenye baridi katika kijiji cha Uingereza. Mwenye gari amezungusha ufunguo nusu tu. Injini bado hajaiwasha, anasikiliza. Pampu inasukuma petroli kutoka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, yaani vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, na kabureta zikishajaa inanyamaza yenyewe. Hapo ndipo mzee wetu atavuta choki, kile kishikio cha kuizidishia petroli injini yenye baridi, azungushe ufunguo mpaka mwisho, na injini ikohoe mara mbili tatu, iteme moshi, halafu ikubali.

Ninyi mmezaliwa gari likiwashwa kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo mnaweza kudhani mzee huyu ana shida. Hana. Angetaka gari la kubonyeza angelinunua, tena kwa fedha chache kuliko alizokwisha kuzimwaga hapa. Kaeni basi niwaambie kimemshika nini.

Gari lake linaitwa MGB. Lina viti viwili, boneti ndefu, na paa la turubai linalovuja mvua pembeni hata likiwa jipya. Urefu wake ni mita 4 hivi. Lilianza kutengenezwa mwaka 1962, na la mwisho likatoka kiwandani mwaka 1980. Katika miaka hiyo 18 yalitoka zaidi ya nusu milioni. Ndiyo maana nimelichagua hili na si Jaguar E-Type ya mwaka 1961, ambayo ni nzuri mpaka jumba la sanaa la MoMA kule New York likaiweka miongoni mwa hazina zake. E-Type ni gari la kutazamwa. MGB ni gari la mwalimu, la karani, la kijana aliyedunduliza mshahara wake wa kwanza.

Herufi M na G zilitokana na Morris Garages, gereji za William Morris katika mji wa Oxford. Mwaka 1922 gereji hizo zilipata meneja aliyeitwa Cecil Kimber. Kazi yake ilikuwa kuuza magari ya Morris, magari ya heshima na ya kuchosha, ya kumpeleka baba kazini na kumrudisha. Kimber akaanza kuyavisha bodi nyingine, nyepesi na za kuvutia, na wateja wakaja. Mwaka 1929 kazi ikahamia mji mdogo wa Abingdon, kusini ya Oxford, ndani ya majengo yaliyokuwa sehemu ya kiwanda cha ngozi. Kimber mwenyewe hakuiona MGB. Alifariki mwaka 1945 katika ajali, na haikuwa ya gari bali ya treni, kwenye stesheni ya King's Cross jijini London.

Msije mkafikiri kiwanda cha Abingdon kilikuwa na mitambo ya ajabu. Injini zililetwa kutoka kwingine, bodi zilikuja kwa malori, na gari lililokuwa likiundwa lilisukumwa kwa mikono kutoka kwa fundi mmoja hadi kwa mwenzake. Aliyefunga usukani aliweza kumgeukia aliyefunga breki wakapiga soga. Na kutoka humo, magari mengi yalipanda meli kwenda Marekani.

Wamarekani wana magari yao, tena makubwa kama vyumba. Ya nini kununua kigari cha Kiingereza? Sababu moja ni vita. Katika Vita vya Pili vya Dunia wanajeshi wa Marekani walipiga kambi Uingereza, na wakaviona vigari hivi vikikata kona kwenye barabara nyembamba za mashambani. Amani iliporudi kikatoka MG TC, na wengine wakakitaka hivyo hivyo, ingawa usukani wake ulikuwa kulia na wao kwao huendesha upande mwingine wa barabara. Vilivyoundwa vilikuwa kiasi cha 10,000, na vilivyokwenda Marekani havikuzidi sana 2,000, lakini mbegu ilikwisha kuangukia udongo mzuri. MGB ilipokuja, zaidi ya nusu ya magari yake yaliishia huko.

Sasa niwapeleke kwa adui. Jina lake kutu.

Wakati wa baridi Waingereza humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Wenzetu wa Mombasa na Tanga, ambao upepo wa bahari huwalia mabati ya nyumba, hawahitaji kuelezwa chumvi hufanya nini ikikutana na chuma. Gurudumu la mbele la MGB hurusha maji hayo ya chumvi pamoja na tope ndani ya madigadi, na uchafu hujikusanya nyuma ya gurudumu, mahali jicho halifiki. Kutoka hapo kutu inatambaa mpaka kwenye kizingiti, yaani ule mwamba wa chuma unaopita chini ya mlango.

Kizingiti hicho ndicho uti wa mgongo. MGB haina chesisi iliyotengana na bodi kama lori, na kwa kuwa haina paa la chuma, juu hakuna kitu cha kuishikilia. Vizingiti viwili, kulia na kushoto, ndivyo vinavyozuia gari lisijikunje katikati kama godoro la sponji. Kwa nje vinaweza kung'aa. Unapita kidole unahisi kipele kidogo chini ya rangi, kama chunusi. Unachukua bisibisi, unasukuma kidogo tu, na bisibisi inazama mpaka kwenye mpini. Ndani kumebaki unga mwekundu, pengine na pati ambayo muuzaji wa zamani aliijaza, akaipiga msasa, akapaka rangi, akapokea fedha na kwenda zake. Ulaghai huo hauna uraia. Hata katika gereji za kwetu upo.

Fundi asiyejua atang'oa milango ili apate nafasi, akate chuma kilichooza, achomelee kipya. Kazi nzuri, safi. Halafu anarudisha mlango na mlango haufungi. Gari limebonyea katikati wakati wa kukatwa, na chuma kipya kimeligandisha hivyo hivyo, milele. Fundi anayejua huanza kwa kuchomelea nondo katika uwazi wa mlango, kutoka mbele hadi nyuma, mfano wa gango kwenye mguu uliovunjika. Mlango anauacha karibu. Anachomelea kidogo, anaujaribu, anatazama kama upenyo kati ya mlango na bodi ni sawa juu na chini, anaendelea. Wiki zinapita. Mkewe anauliza gari litatoka lini. Hajui.

Kuna njia ya mkato, na hii hunifurahisha kila nikiikumbuka. Mwaka 1988, miaka minane baada ya kiwanda cha Abingdon kufungwa, kampuni ya British Motor Heritage ilianza kutengeneza bodi mpya kabisa za MGB kwa kutumia kalibu zilezile za zamani zilizookolewa zisiyeyushwe. Mtu akaweza kununua bodi isiyo na doa la kutu, akahamishia humo injini yake, viti vyake na namba yake.

Je, hilo bado ni gari lake la zamani? Hapa wapenzi wa magari haya hubishana mpaka chai inapoa. Mimi nawaambia: nendeni Lamu mkalitazame jahazi lililopandishwa mchangani. Mwaka huu linabadilishwa mbao tano, mwaka ujao mlingoti, mwaka mwingine mkuku. Nahodha akishuka gati hamwambii mtu kwamba amekuja na jahazi jipya. Kwangu mimi shauri hilo limekwisha.

Tumwache fundi wa bodi na jasho lake, tusogee kwenye injini. Ukifungua boneti ya gari la kisasa unakutana na mfuniko wa plastiki unaokwambia, kwa lugha ya kimya, usiguse. Boneti ya MGB ukiifungua unaona kila kitu, mpaka ardhi kwa chini. Ubavuni mwa injini zimekaa kabureta mbili zenye vichwa kama makuba madogo. Zinaitwa SU. Waliozibuni walikuwa ndugu wa ukoo wa Skinner, ukoo uliojulikana Uingereza kwa biashara ya viatu, na kabureta zao za kwanza zilikuwa na mvukuto wa ngozi. Ndiyo, ngozi, kama mvukuto wa mhunzi.

Ndani ya kuba mna pistoni inayopanda na kushuka. Chini ya pistoni inaning'inia sindano iliyochongoka, imezama katika tundu la petroli. Ukikanyaga mafuta, hewa inavutwa kwa nguvu, pistoni inapanda, sindano inapanda nayo, tundu linapata nafasi na petroli inapita kwa wingi. Ukiachia, vyote vinashuka. Hakuna kompyuta. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuelezwa kazi yake na akamweleza mdogo wake jioni hiyo hiyo.

Kabureta zikiwa mbili, lazima zipumue sawasawa, na kuzipima huko ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Chukua mpira mwembamba wa maji, kama futi mbili. Ncha moja tia sikioni, nyingine iweke mdomoni mwa kabureta ya kwanza injini ikiwa inanguruma taratibu. Utasikia sssss. Hamia ya pili. Kama sauti hazilingani, geuza skrubu mpaka zilingane. Kisha inua pistoni kidogo sana, kiasi cha milimita moja, usikilize. Mngurumo ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi. Injini ikitaka kuzima, petroli haitoshi. Ukipanda kidogo halafu ukatulia, umepatia. Chini ya kabureta kuna nati ya pande sita ya kurekebishia, nayo unaizungusha kiasi cha upande mmoja tu kati ya hizo sita, unasikiliza tena. Mtu mzima mwenye cheo ofisini anaweza kuinama hivyo Jumamosi nzima, mpira sikioni, kama daktari na mgonjwa wake, na akarudi ndani amelowa oili na anapiga mluzi.

Kasi? Kasi haina maana hapa. Injini ya MGB ina ujazo wa sentimita za ujazo 1798 na mwendo wake wa mwisho ni kilomita 160 na ushei kwa saa. Gari la kawaida la familia la siku hizi litalipita. Lakini dereva wa MGB amekaa chini karibu na lami, upepo unampiga usoni, usukani unamletea habari ya kila kokoto, na kwenye kilomita 60 anajiona yuko mashindanoni. Wajapani walilielewa hilo vizuri. Mwaka 1989 Mazda walileta MX-5, gari dogo la wazi la viti viwili lililofuata nyayo za magari haya ya Kiingereza, ila lao halidondoshi oili sakafuni na linawaka kila asubuhi. Likauzwa zaidi ya milioni moja.

Sitawaficha kasoro. Vifaa vingi vya umeme vya magari hayo vilitoka kampuni ya Lucas ya Birmingham, nayo kwa utani ikapewa jina la Mwanamfalme wa Giza, kwa jinsi taa zilivyojizimia usiku. Hakuna mifuko ya hewa ya kumkinga dereva ajali ikitokea. Na mara nyingi fedha za kulifufua gari huzidi bei ya kuliuza. Anayeingia humo kwa kutafuta faida amepotea njia, bora akafuge kuku.

Wala si lazima mwende Uingereza mkayaone magari ya rika hilo. Katika maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, huletwa magari ya zamani yaliyopigwa msasa mpaka nati za chini, na majaji huinama kuzikagua nati hizo. Mkienda, ombeni kwanza ruhusa ya mwenye gari, kisha mwambieni azungushe ufunguo nusu. Pampu ikigonga na kunyamaza, anaweza kuwasha. Ikiendelea kugonga bila kukoma, mwambieni azime haraka na msogee mbali kidogo: ama tangi ni tupu, ama petroli inamwagika mahali.