Njeo na Hali katika Kitenzi cha Kiingereza: Mtazamo wa Mzungumzaji wa Kiswahili

Vitabu vingi vya kufundishia Kiingereza humweleza mwanafunzi kwamba lugha hiyo ina nyakati kumi na mbili. Hesabu hiyo hupatikana kwa kuzidisha nyakati tatu, yaani uliopita, uliopo na ujao, kwa maumbo manne: sahili, endelevu, timilifu na timilifu endelevu. Jedwali la namna hiyo ni rahisi kukariri, lakini huchanganya dhana mbili, njeo na hali. Njeo huonyesha tukio limetokea lini kwa kulinganishwa na wakati wa kusema. Hali huonyesha tukio lenyewe lilivyo: limekamilika, linaendelea, au ni la mazoea.

Kimofolojia, kitenzi cha Kiingereza kina njeo mbili tu: iliyopo, kama katika ‘works’, na iliyopita, kama katika ‘worked’. Wakati ujao hauna kiambishi chake. Aghalabu huelezwa kwa kitenzi kisaidizi ‘will’, ambacho asili yake ni kitenzi chenye maana ya kutaka. Jambo hili si geni kwa msomi wa Kiswahili, kwani wanaisimu wengi huhusisha kiambishi -ta- na kitenzi -taka. Tofauti ni kwamba Kiswahili kimekwisha kukiingiza kipashio hicho ndani ya kitenzi, ilhali Kiingereza kingali kinakiweka kando kama neno.

Tofauti hiyo ya muundo ndiyo chanzo cha makosa mengi. Katika ‘atasoma’, nafsi, njeo na mzizi vyote vimo katika neno moja. Kiingereza huvitawanya. Katika ‘did not arrive’, njeo imebebwa na ‘did’, na kitenzi kikuu hubaki bila alama yoyote. Anayeandika ‘did not arrived’ ameiweka njeo mara mbili. Hapana budi aelezwe kwamba katika kundi moja la vitenzi, njeo hujitokeza katika neno la kwanza tu.

Kikwazo kikubwa zaidi ni -me-. Kulinganisha kiambishi hiki na ‘have’ kunafaa kwa ‘amefika’, yaani ‘has arrived’. Lakini ‘amesimama’, ‘amelala’ na ‘amevaa kofia’ hueleza hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokwisha kutendeka. Hapo Kiingereza hutumia umbo endelevu: ‘is standing’, ‘is sleeping’, ‘is wearing a hat’. ‘Anasimama’, kwa upande wake, ni mtu anayeinuka. Nayo ‘amechoka’ hufasiriwa kwa kivumishi, ‘is tired’.

Isitoshe, umbo timilifu la Kiingereza sanifu halipatani na kielezi kinachotaja wakati uliokwisha kupita. Kiswahili cha mazungumzo huvumilia ‘amekuja jana’. Kiingereza hudai ‘came yesterday’. Mwanafunzi anayeandika ‘Mkwawa has died in 1898’ anaijua historia yake barabara, ila sentensi yake ina kosa. Nchini Tanzania, ambako masomo mengi ya sekondari hutahiniwa kwa Kiingereza, kosa la aina hiyo huweza kuchukuliwa kuwa ni upungufu wa maarifa ya somo lenyewe.

Haimaanishi kwamba mfumo wa Kiswahili ni duni. Kiswahili hutenganisha ‘hakufika’ na ‘hajafika’, na hilo la pili hubeba tarajio kwamba mtu huenda akafika. Kiingereza aghalabu hulazimika kuongeza ‘yet’. Katika masimulizi, ‘alikwenda, akaona, akarudi’ huonyesha mfuatano kwa -ka-, ambapo Kiingereza hurudia njeo iliyopita na kuuacha mpangilio wa sentensi ueleze lipi lilitangulia. Kiswahili kina pia hu- ya mazoea, ingawa -na- huweza kubeba maana ya ‘teaches’ na ‘is teaching’ kwa pamoja, tofauti ambayo Kiingereza hakiruhusu ipuuzwe.

Kwa hiyo, mwalimu wa Kiingereza katika Afrika Mashariki anahitaji kuujua mfumo wa kitenzi cha Kiswahili kwa kina kilekile anachoujua wa Kiingereza. Badala ya kuanza na jedwali la nyakati kumi na mbili, aanze na maswali mawili kwa kila sentensi: tukio limewekwa wapi katika wakati, na linatazamwa kuwa limekamilika au linaendelea? Mwanafunzi akishayajibu kwa Kiswahili, ndipo atafute umbo la Kiingereza linalobeba jibu hilo.